Viwanja vya Mtwapa na deni la nyumba ya Leicester

Assalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 69, mzaliwa wa Mombasa. Nakaa Leicester na mume wangu, yeye ana miaka 74. Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, imebanana na za majirani kama zilivyo nyingi za hapa, na leo inakadiriwa £260,000. Mogeji ya kawaida tuliimaliza zamani. Lakini Agosti 2018 tulichukua mkopo wa nyumba wa maisha, ule wanaopewa waliotimiza miaka 55. Hulipi chochote kila mwezi. Riba inarundikwa juu ya deni mpaka wenye nyumba wote wawili wafariki au wahamie kwenye makao ya wazee, kisha nyumba inauzwa na kampuni inachukua chake. Tulichukua £50,000 kwa riba ya asilimia 5.4 isiyobadilika. Fedha zilikwenda kwenye madeni ya duka tulilolifunga na matibabu ya ndugu yangu Mombasa. Oktoba 2023 paa likaanza kuvuja, tukaongeza £6,000 kwa kampuni ileile, safari hii kwa asilimia 7.1.

Kila mwaka huja bahasha ya hesabu. Mume wangu haifungui. Naifungua mimi jikoni, nasoma mstari wa mwisho, kisha naitia kwenye droo ya vijiko ili asiione. Ya mwaka huu, 2025, imeandika £72,250 kwa mkopo wa kwanza na £6,800 kwa ule wa paa. Jumla £79,050, na sisi tulishika mkononi £56,000 tu.

Sasa Mungu ametujalia. Juni tumeuza viwanja viwili vya Mtwapa alivyonunua mume wangu mwaka 1998, viko kwa jina lake. Vimetoka kwa fedha zinazolingana na £100,000. Wakala na wakili walichukua £1,800, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ikachukua £13,200 ya kodi ya faida, zimebaki £85,000. Zimeshafika benki hapa.

Mume wangu anasema tulipe lote, hata kesho. Anasema hiyo ni riba, hataki kuingia kaburini na deni, wala hataki liwafuate watoto. Amekuwa halali vizuri kwa jambo hili. Binti yetu amepanga Coventry na wanawe wawili, na anaomba £25,000 za malipo ya kwanza ya nyumba. Anasema, "Mama, mkimpa benki zote, mimi nitapata nini na lini?" Kijana wetu wa miaka 41 tunakaa naye, ndiye anayemwogesha baba yake na kumpeleka hospitali. Yeye hasemi kitu.

Mimi kinachonitisha ni adhabu. Kwenye karatasi za 2018 imeandikwa kwamba tukilipa mapema tutatozwa hadi asilimia 25. Nimepiga hesabu, ni £12,500 kwa mkopo wa kwanza na £1,500 kwa wa paa. Hizo tutazitoa wapi? Mume wangu hataki kusikia habari ya mshauri wa fedha, kwa sababu wa mwaka 2018 ndiye aliyetuingiza humu, anavyoona yeye. Hatupokei Pension Credit, ile nyongeza ya serikali kwa wastaafu wa kipato kidogo, ila kaunsili, yaani serikali ya mtaa, inatupunguzia kodi yake.

Tulipe lote? Tulipe nusu? Au tuache tu tuwape watoto?

Mama wa Leicester

*

Wa aleikum salaam, mama yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ile droo ya vijiko haijanitoka akilini. Umeubeba mzigo huu peke yako miaka saba ili mwenzio alale, na yeye kumbe halali.

Nikikuelewa sawasawa, una fedha zinazokaribia sana kiasi cha deni, una watu watatu unaowapenda wanaoziangalia fedha hizohizo, na katikati umesimamishwa na adhabu ya £14,000. Nitaanza na adhabu, kwa sababu naona hofu yako yote imekaa hapo, na nina shaka kama ndipo inapostahili kukaa.

Neno la kutazama katika karatasi yako ni "hadi". Asilimia 25 ni dari, na mara nyingi halifikiwi. Mikopo hii ina aina mbili za ada ya kulipa mapema. Ya kwanza imepangwa kwa miaka: tuseme asilimia 5 katika miaka mitano ya mwanzo, halafu inashuka hadi kwisha. Ya pili imefungwa kwenye hatifungani za serikali ya Uingereza, zile ziitwazo gilti, na dari lake la kawaida ndiyo hiyo asilimia 25 ya kiasi ulichokopa. Kwa namba uliyoitaja, mkopo wako unanukia aina ya pili. Thibitisha kwenye waraka wa maelezo uitwao KFI na kwenye barua ya ofa. Kuna sehemu nzima inayoeleza nini kitatokea usipoutaka mkopo tena.

Ada hii inafanya kazi hivi. Kampuni ilipokupa £50,000 ilipanga kupata riba yake kwa miaka mingi. Ukirudisha fedha mapema, itabidi izipeleke kwingine. Ikiwa riba ya gilti siku hiyo iko chini kuliko siku uliyokopa, kampuni inapoteza, na pengo hilo ndilo unalolipishwa. Ikiwa riba ya gilti iko sawa au juu, haikupoteza kitu, na ada inakuwa sifuri. Sasa kumbuka mwaka 2018. Gilti za muda mrefu zilikuwa zikitoa chini ya asilimia 2. Tangu mtikisiko wa 2022 zimepanda, na mwaka huu za miaka kumi zimekuwa zaidi ya 4. Kwa hiyo, mama, ikiwa mkopo wako wa kwanza kweli umefungwa kwenye gilti, yawezekana kabisa kwamba zile £12,500 ulizokuwa ukiziogopa hazipo.

Usilichukue hilo kama hakika mpaka uwe na namba kwa maandishi. Na mkopo wa paa uhesabu peke yake, kwa sababu kila fungu lina tarehe yake, riba yake na gilti yake. Oktoba 2023 gilti zilikwisha kupanda, hazikuwa mbali na za leo, kwa hiyo fungu hili linaweza kuwa na ada kidogo hata kama la kwanza halina. Kwa mfano tu: mikataba mingi huzidisha tofauti ya riba ya gilti kwa miaka iliyobaki. Tofauti ikiwa asilimia 0.4 na miaka ikiwa 15, ada ni asilimia 6, yaani £360 kwa £6,000. Inauma, lakini si £1,500.

Piga simu kwenye namba iliyo kwenye hiyo bahasha ya mwaka, siyo namba utakayoikuta kwenye ujumbe wa simu wala barua pepe. Omba hesabu ya kumaliza deni kwa mafungu yote mawili, kila moja mbali. Hesabu hiyo inapaswa kuonyesha salio, riba ya kila siku, ada ya kulipa mapema na ada ya kufunga faili. Kisha waulize: riba ya gilti mtakayotumia ni ya siku gani, ya leo au ya siku fedha zitakapoingia? Hapa watu huumia, kwa sababu gilti hubadilika kila siku na namba waliyopewa Jumatatu si lazima iwe ya Ijumaa. Waulize pia kama mkataba wako unaruhusu kulipa sehemu ya deni kila mwaka bila ada. Kwa mikopo iliyotolewa kuanzia 28 Machi 2022 na wanachama wa Equity Release Council, baraza la kampuni zinazotoa mikopo hii, haki hiyo ni sharti, na kwa kawaida ni asilimia 10 ya kiasi ulichokopa. Wako wa kwanza ni wa kabla ya hapo, lakini mikataba mingi ya 2018 ilikuwa nayo tayari. La mwisho, uliza kama unaweza kuamua malipo yako yaende fungu lipi. Kampuni nyingine huyagawa zenyewe kwa mafungu yote, na wewe unataka yaanzie kwenye ile ya asilimia 7.1. Kuomba hesabu hii hakukufungi kwa lolote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo mimi linanitia wasiwasi kuliko adhabu.

Fedha ulizo nazo benki si zako zote. KRA imechukua £13,200, ambayo ni asilimia 15, maana yake faida ya viwanja ilihesabiwa £88,000. Mume wako ni mkazi wa Uingereza, na mkazi wa hapa hutozwa kodi ya faida hata kwa ardhi iliyo Kenya. Kodi iliyolipwa Kenya inakatwa kwenye ya hapa, hulipi mara mbili, lakini kiwango cha hapa kinaweza kuzidi. Tupige hesabu ya makadirio. Toa msamaha wa £3,000, inabaki £85,000. Ikiwa pensheni yake haizidi £12,570 kwa mwaka, basi £37,700 za kwanza zinatozwa asilimia 18, nayo ni £6,786, na £47,300 zinazobaki zinatozwa asilimia 24, nayo ni £11,352. Jumla £18,138. Ukitoa £13,200 za KRA, anadaiwa karibu £4,940 hapa. Uuzaji wa Juni 2025 umo katika mwaka wa kodi unaoisha Aprili 2026, kwa hiyo ajiandikishe HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kabla ya tarehe 5 Oktoba 2026, na kodi yenyewe ilipwe kufikia 31 Januari 2027. Gharama za 1998, ukuta uliojengwa, stempu, vyote vikiwa na risiti vinaweza kuipunguza faida, na HMRC hubadilisha fedha kwa thamani ya siku ya kununua na siku ya kuuza, kwa hiyo mhasibu anaweza kupata namba tofauti na yangu. Risiti ya KRA iwekeni vizuri, ndiyo itakayothibitisha kodi mliyokwisha kulipa.

Hebu tuangalie tena mpango wa mume wako. £85,000, toa £79,050 za deni, toa £4,940 za kodi. Inabaki £1,010, kabla ya ada yoyote. Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, mama. Paa limekwisha kukufundisha. Boila ikifa Januari, au ukihitaji tiketi ya ghafla ya Mombasa kwa msiba, £1,000 zinakwenda kwa wiki moja. Na ukirudi kukopa upya kwenye nyumba hiyohiyo, hutapata tena asilimia 5.4, mikopo hii sasa iko juu ya hapo, na utalipa wakili na ada nyingine upya. Kulipa lote halafu kurudi kukopa miaka miwili baadaye ni njia ghali kuliko zote.

Lakini simlaumu mzee hata kidogo, na haraka yake ina hesabu nyuma yake. Kwa deni la leo, riba ya mwaka ni kama £3,900 kwa fungu la kwanza na £483 kwa la paa. Gawa kwa siku 365, unapata £12 kila siku inayokucha. Na kwa kuwa riba inazaa riba, mkiacha hivyohivyo kwa miaka kumi, fungu la kwanza litafika karibu £122,250 na la paa £13,500. Jumla £135,750, zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba kwa bei ya leo. Kwa hiyo lile chaguo lako la tatu, la kuacha tu na kuwapa watoto, lina bei yake pia, na bei hiyo wataibeba haohao watoto kwenye urithi.

Kati ya hizo mbili kuna njia za katikati, na nakuomba uzitazame bila haraka.

Fungu la paa ni dogo na ndilo ghali. Kulifuta kutagharimu £6,800 na ada yake. Sioni sababu nzito ya kulibakisha, isipokuwa hesabu ya kampuni ilete ada kubwa kuliko ninavyotarajia. Baada ya hapo, na ukitenga £4,940 za kodi, utabaki na kama £73,000, pungufu ya ada hiyo.

Ikiwa ada ya fungu la kwanza ni sifuri, hakuna sheria inayosema ulipe lote au usilipe. Unaweza, kwa mfano, kulipa £50,000 mara moja. Utabaki na deni la £22,250 na akiba ya kama £23,000. Deni hilo lisipoguswa miaka kumi litafika £37,650, jambo ambalo nyumba ya £260,000 inalibeba bila kuinama. Hatari yake ni kwamba riba haikwisha, na kwa mume wako hilo si suala la namba.

Na ikiwa ada ipo, tazama ile asilimia 10 ya kila mwaka. Kwa £50,000 ni £5,000, na riba ya mwaka ni £3,900. Unaona? Malipo hayo peke yake yanatosha kulizuia deni lisikue na kuanza kulipunguza. Ukifanya hivyo miaka kumi, fungu la kwanza litakuwa karibu £58,000 badala ya £122,250. Ni hiari, mwaka ambao mambo ni magumu unaacha, hakuna anayekugongea mlango. Ubaya wake ni kwamba inahitaji nidhamu ya miaka kumi, na fedha zilizokaa benki zina kawaida ya kuitwa na shida za kila ndugu. Na kama hamtaki riba ya akiba pia, zipo benki za Kiislamu hapa Uingereza zinazolipa faida badala ya riba. Kama hamzitumii, fedha zitakaa bure huku deni likienda kwa 5.4.

Kuhusu kaburi na deni. Mimi si sheikh, na sitajifanya. Ninachoweza ni kumpa mzee ukweli wa mkataba ili akamuulize sheikh wake akiwa na picha kamili. Mikopo ya maisha iliyo chini ya kanuni za Equity Release Council ina dhamana kwamba deni halitazidi bei ya nyumba itakapouzwa kwa bei ya haki. Watoto hawatadaiwa hata pauni moja kutoka mifukoni mwao. Hakikisha alama ya baraza hilo ipo kwenye ofa yako. Kwa hiyo lile la "litawafuata watoto", kwa maana ya kudaiwa, halimo kwenye mkataba wa namna hiyo. La riba yenyewe ni la moyo wake na Mola wake, na nadhani linastahili kupewa uzito wake, siyo kufunikwa na hesabu zangu. Namuuliza jambo moja tu, kwa heshima: je, akimwambia sheikh kwamba kulipa lote kutawaacha na £1,000, na kwamba huenda mkalazimika kukopa kwa riba tena, atajibiwa nini? Swali hilo aende nalo.

Binti yako namwelewa. Kupanga nyumba na watoto wawili ni kazi. Lakini jiulizeni kama £25,000 ni lazima zitoke zote mwaka huu, na kama anajua deni la nyumba limefika ngapi. Huenda hajui, kwa sababu karatasi ziko kwenye droo. Benki yake itataka barua yenu ya kuthibitisha kwamba ni zawadi na kwamba hamna sehemu katika nyumba yake, kwa hiyo ukitoa umetoa. Huwezi kuzidai paa likivuja. Na kuna la kaunsili. Kulipa deni hakuhesabiwi kuwa umejinyima mali kwa makusudi, lakini kuwapa watoto fedha kunaweza kuhesabiwa, na kaunsili ikakuchukulia kama bado unazo. Hali hiyohiyo hujitokeza siku mmoja wenu atakapohitaji makao ya wazee, na hapo hakuna muda maalumu unaopita ndipo zawadi isahaulike.

Nikiwa hapo, nikuulize kwa upole: viwanja vya Mtwapa viliwahi kuandikwa kwenye fomu ya punguzo la kodi ya kaunsili? Kwa wastaafu, mali ikizidi £16,000 punguzo hilo huondoka, na ardhi iliyo nje ya nchi huhesabiwa. Wengi wetu hatujui hilo, tunadhani wanauliza habari za benki tu. Kama havikuandikwa, usingoje wakuulize wao. Nenda Citizens Advice au Age UK, ushauri wao ni bure na wa siri, wakusaidie kuandika barua kabla ya kugusa fedha. Huenda ukatakiwa kurudisha kiasi fulani, na ni bora kiasi hicho ukijue kabla hujamaliza akiba. Vyovyote iwavyo, hizi £85,000 zinapaswa kutajwa kwa kaunsili sasa, siyo baada ya kutumika.

Nimemwacha kijana wako mwisho, kwa kuwa yeye ndiye asiyesema. Kama alikuwa anaishi nanyi mwaka 2018, karibu kwa hakika alitia saini karatasi mbele ya wakili, inayosema kwamba siku mkopo ukifika mwisho yeye hatadai haki ya kubaki. Itafute. Ninyi wawili mkiondoka, warithi kwa kawaida hupewa miezi 12 kulipa au kuuza, na riba haisimami katika miezi hiyo. Mtu wa miaka 41 mwenye mshahara anaweza kupata mogeji ya kawaida ya kulipa £22,000, pengine hata £58,000. £135,000 ni habari nyingine, hasa kama amepunguza saa za kazi kwa ajili ya baba yake. Yaani ukubwa wa deni mtakaloliacha ndio utakaoamua kama ana paa au hana. Je, mmemuuliza yeye anataka nini? Au ukimya wake umechukuliwa kuwa jibu?

Mambo mawili ya mkataba uyatazame pia, maana yanaweza kubadili haraka yenu. Mikataba mingine ya watu wawili inasema kwamba mmoja akifariki au akihamia makao ya wazee, aliyebaki ana miaka mitatu ya kulipa bila ada. Na mingine inaruhusu, baada ya miaka mitano, kulipa bila ada ukihamia nyumba ndogo isiyokubalika na kampuni. Ninyi mna miaka saba. Kama magoti ya mzee yamechoka na ngazi, nyumba ya chini ni mazungumzo halali, ingawa tena mtamhesabu kijana.

Kuhusu kuogopa washauri: sikulaumu, wala simlaumu mzee. Kulipa hakuhitaji mshauri wa kulipwa. MoneyHelper, huduma inayosimamiwa na serikali, itakupitisha kwenye maswali haya bure. Ukiamua kumlipa mtu, jina lake likague kwanza kwenye orodha ya FCA, chombo kinachosimamia huduma za fedha hapa, na muulize ada yake kabla hajafungua faili. Mhasibu wa ile kodi ya Kenya, huyo ningemtafuta kweli, hata kwa saa moja.

Mkifika kulipa, lipeni kwa uhamisho wa benki mkitaja namba ya mkopo, na namba ya akaunti ithibitisheni kwa simu, kwa sababu matapeli huvizia siku kama hizi kwa barua pepe zilizobadilishwa namba. Kampuni inaweza kuuliza fedha zimetoka wapi. Mkataba wa mauzo na risiti ya KRA ndivyo vitakavyojibu. Mkimaliza lote, ombeni barua ya kuthibitisha, na baada ya wiki chache mwangalie kwenye daftari la HM Land Registry kama alama ya mkopo imefutwa kwenye hati ya nyumba. Mkilipa sehemu tu, alama itabaki, msishtuke.

Kwa sasa, mama, fedha zikae zilipo mpaka hesabu ya kampuni ifike. Wiki mbili au tatu za kungoja zitakugharimu kama £12 kwa siku. Ni bei unayoweza kuilipa ili usikosee. Hesabu ikifika, usiitie kwenye droo. Ifungue mezani, mzee akiwepo, binti yako akiwa kwenye simu na kijana akiwa ameketi, na umwambie yeye aanze kusema. Ukiwa na ile namba, niandikie tena.